Boti ya Kiangazi Kimoja

Mason City, Iowa
Novemba 12

Baba mpendwa,

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Jumapili ulipopiga ulimwambia Wendell "sikupati, sema kwa nguvu" mpaka akanirudishia simu, na nguvu ndiyo kitu asichokuwa nacho. Wewe masikio yamekukimbia, yeye sauti inamwishia kidogo kidogo, na mimi katikati nimekuwa mkalimani wa baba na mwana wanaozungumza lugha moja. Basi tuandikiane. Barua huisomi kwa masikio.

Shida yangu ni hii: nataka kununua boti. Usicheke. Sitaki ya kuvulia samaki. Nataka ile pana ya familia, ya sitaha, ambayo mbele ni kama sebule na ina kilango cha kuingilia, ili kiti chake cha magurudumu kipite moja kwa moja kutoka gatini bila mtu kumbeba. Kubebwa hataki. Mwezi uliopita kaka yangu alimbeba kumtoa garini, na siku nzima alikataa kukaa nasi mezani.

Anachotaka ni kiangazi kimoja hapo ziwani kwako. Amesema hivyo hivyo, kimoja. Anataka akae katikati ya Ziwa Little Marten, na wewe, bila kufanya lolote. Huu ugonjwa unakula misuli, baba, na hauli kwa mpangilio. Miguu imekwisha, mikono inafuata. Nataka apate kiangazi chake kabla haujafika kwenye pumzi.

Matangazo nimeyatazama mpaka macho yamevimba. Boti za kile kiwanda ulichokuwa ukikisifu na kukitukana kila siku zipo tele, kuanzia za miaka ya themanini hadi za juzi, na kwenye picha zote zinafanana. Wewe ndiye umezifungua na kuzifunga maisha yako yote. Nichukue toleo la mwaka gani?

Mjukuu wako Solveig anakusalimu. Ametimiza miaka kumi na sasa anajiona mama mkwe wangu.

Mkweo,
Renae


Little Marten, Minnesota
Novemba 20

Renae mwanangu,

Swali hilo nimengoja mtu aniulize tangu nifunge karakana. Watu hununua boti kwa rangi. Wanaona picha ya mwanamke kajilaza kwenye kiti cheupe, wanatoa pesa, halafu Juni wananiletea machozi.

Sasa sikiliza. Chochote cha kabla ya 1997, pita kama hukukiona. Sakafu ni plaiwudi iliyofunikwa zulia, na zulia likilowa linakaa na maji kama sponji ya jikoni. Mbao inaoza chini kwa chini huku nyie juu mnacheza. 97 hadi 2001 walibadili sakafu, lakini wakaacha mbao ndani ya viti na pale nyuma panaposhika injini, yaani walioga wakarudia nguo chafu. 2002 hadi 2005 ni faiba tupu, nzuri kabisa, ila kilango cha mbele walikibana mpaka Arvid, huyu jirani yangu, anapita kwa ubavu na tumbo analipitisha baadaye. Kiti cha magurudumu hapo hakiingii. Kuanzia 2008 uchumi ulianguka, mafundi wazuri wakafukuzwa, na skrubu zikawa zinawekwa kwa kubahatisha. Kwa hiyo ni 2006 au 2007, basi. Kilango kipana, faiba kila mahali, hata kijiti hakimo.

Na usiamini mdomo wa muuzaji. Nyuma upande wa kulia pana namba imechongwa, tarakimu mbili za mwisho ndizo mwaka. Mdomo ukisema 06 na namba ikasema 04, shukuru kwa kahawa uondoke.

Boti kama hiyo ukiitunza, Solveig ataolewa ingali inaelea, na watoto wake watarukia majini kutoka humo. Ndiyo maana mtu anachagua mwaka. Hununui cha msimu, unanunua cha kukaa nacho.

Mwambie Wendell aache kujilegeza, afanye mazoezi ya mikono. Kwetu hakuna mtu aliyewahi kukaa katikati ya ziwa bila kufanya lolote. Nitampa fimbo ya kuvulia, atafanya kazi kama wengine.

Theluji imeshaanza. Sisi huku hatujambo.

Baba yako,
Orrin


Mason City
Januari 8

Baba,

Nimeipata. Usianze kukunja uso kabla hujafika mwisho wa ukurasa.

Ni ya Bi. Lavonne Trimble, mwalimu wa muziki aliyestaafu, yuko Clear Lake, hapa hapa jirani. Boti yake anailaza ndani ya gereji yenye joto, na ameiendesha mpaka Septemba. Aliiwasha mbele yetu, akaunganisha mpira wa maji wa bustani, ikaunguruma vizuri tu. Wendell tulikuwa naye. Tuliweka mbao mbili, nikamsukuma, kiti kikapita kilangoni pakabaki nafasi ya kidole kila upande. Alikaa humo saa nzima, Januari, ndani ya gereji, na kofia yake ya sufu, akizungumza na yule mama na kuuliza maji yako wapi. Alicheka, baba. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Pasaka, na sauti yenyewe ni ile ya kukwaruza, lakini ilikuwa kicheko.

Sasa ukurasa unaisha. Ni ya 1995. Karibu na kiti cha dereva sakafu inabonyea kidogo, kama keki isiyoiva katikati. Bi. Trimble hakuficha, alinionyesha mwenyewe na kunikanyagisha. Kuna watu wengine wanaitaka na amenipa mpaka Jumatatu ya wiki ijayo.

Roho yangu inaniambia niichukue. Lakini nilikuuliza wewe, na sitaki kufanya kinyume halafu ikatokea la kutokea. Niambie.

Renae


Little Marten
Januari 12

Renae,

1995. Ile barua niliandika kwa kalamu au kwa maji?

Sehemu inayobonyea ndiyo unayoiona. Usiyoiona ni kubwa mara tano. Kiti chenye betri, na mtu mzima juu yake, unakiweka kwenye mbao iliyooza, katikati ya ziwa refu kuliko mnara wa kanisa kwenda chini. Huyo mama namheshimu kwa kusema kweli, lakini kweli yake haishiki skrubu. Jibu ni hapana.

Na usiendelee kuhangaika, nimeshanunua. Toleo la 2006. Namba nimeisoma kwa macho yangu baada ya Arvid kukwangua barafu kwa ukucha. Ilikuwa kwenye banda la mtu wa hapa mjini Harnell, imefungwa nailoni nyeupe ya majira ya baridi, theluji magotini. Nimegonga sakafu yote kwa nyundo, mbele mpaka nyuma, mlio ni ule ule. Kwa habari ya kilango, tuliazima kiti cha magurudumu cha kanisani, Arvid akakaa, nikamsukuma kupanda ubao na kuingia. Kama Arvid amepita, mwanangu atapita na kupunga mkono.

Injini sikuiwasha, nani anawasha injini kwenye baridi hii. Mwenyewe ameapa alitoa maji yote ya injini Oktoba, yasije yakaganda, na ni mtu wa hapa, anajua baridi ni nini. Kwa hiyo mwachie Bi. Trimble boti yake. Mlete Wendell Julai maji yakiwa na joto.

Orrin


Mason City
Februari 2

Baba,

Ahsante. Nimempigia Bi. Trimble, na boti imeondoka siku ile ile na familia moja ya Ames. Picha uliyotutumia Wendell ameibandika kwenye friji, Arvid ndani ya kiti cha kanisani na blanketi magotini. Anasema ni abiria mbaya kuliko wote aliowahi kuona.

Yeye anaendelea. Usiku halali vizuri, ndilo kubwa. Mchana tunasoma, tunatazama ndege dirishani. Usiwe na wasiwasi.

Solveig ameuliza kama ataruhusiwa kuendesha. Nimemwambia akuulize wewe, kwa kuwa mimi katika mambo ya boti nimeonyeshwa pa kukaa.

Natania. Kidogo.

Renae


Mason City
Machi 17

Baba,

Naandika kwa kidole kimoja, vingine vimestaafu. Solveig ndiye atakayechapa na kuweka stempu. Ameapa kutosema, na kwa kawaida hapo huwa tunahesabu saa.

Renae amekuandikia kwamba naendelea. Kweli naendelea, ila hajakuambia naelekea wapi. Usiku navaa mashine ya kupumulia. Sauti imekwenda tangu wiki ya pili ya Februari, yote. Anakuficha kwa sababu anaogopa utanyamaza. Nikamwambia baba hajawahi kunyamaza, hubadilisha mada tu.

Ninachoomba ni Mei badala ya Julai. Barafu ikiondoka tu. Baridi si neno, nitavaa blanketi za nyumba nzima. Usimwambie nimekuandikia.

Mwaka wa boti sijali. Hata ikiwa ni beseni la kufulia.

Wendell


Little Marten
Machi 25

Wendell,

Barua nimeipata. Sijamwambia mtu.

Barafu bado nene kuliko urefu wa mkono wangu. Wameweka lile pipa katikati ya ziwa kama kila mwaka, na watu wanabahatisha siku litakayozama. Mimi nimeandika Mei 2. Arvid ameandika Aprili 19, kwa kuwa Arvid ni Arvid. Kwenye gati nimejenga njia ya kushukia isiyo na ngazi, mbao za mwerezi, na nimeweka kingo pembeni ili magurudumu yasiteleze.

Mei maji yana baridi ya kuumiza mifupa na upepo unatoka kaskazini. Julai ni bora. Hao madaktari wa Iowa wanajua kulima mahindi tu. Huku mjini pana mwanamke aliambiwa miezi mitatu na bado anauza mikate sokoni kila Jumamosi. Kula vizuri. Mashine hizo za usiku zinasaidia watu wengi, naona kwenye televisheni.

Samaki wa ziwani wamepanda bei. Arvid amevunja jino kwa karanga.

Baba


Little Marten
Mei 5

Renae mwanangu,

Ziwa limefunguka Ijumaa. Boti nimeivua nailoni, nimeiosha, inang'aa. Kuna kitu kidogo kwenye injini nakishughulikia. Karibu tayari. Mnakuja Julai mwanzoni au katikati?

Orrin


Mason City
Mei 9

Baba,

Hatuji Julai. Tunakuja Mei 24, wikendi ya Siku ya Kumbukumbu, na acha nikueleze kwa nini, maana nimechoka kuandika "anaendelea".

Hazungumzi tena. Mashine ya pumzi aliyokuwa akivaa usiku sasa anaivaa na mchana. Chakula ni cha majimaji. Jumatatu daktari alifunga mlango wa ofisi, akakaa upande wetu wa meza, nikajua kabla hajafungua kinywa. Alisema kama kuna mahali Wendell anataka kwenda, asingoje joto. Ndivyo alivyosema, asingoje joto. Wendell akaandika kwenye kibao chake, "Ziwa la baba."

Nilikuficha na nilikosea. Nilidhani nakukinga, kumbe nilikuwa najikinga mimi na barua zako za sakafu na skrubu.

Kwa hiyo, baba, hicho kitu kidogo kwenye injini kimalize. Boti iwe majini siku hiyo. Sikuombi kitu kingine.

Renae


Little Marten
Mei 13

Renae,

Si kitu kidogo.

Bloki ya injini imepasuka. Yule bwana aliyeniuzia alitoa maji upande mmoja, wa pili akasahau. Maji yaliganda ndani baridi ilipoanza na kukipasua chuma kama chupa ya soda uliyoisahau kwenye friza. Nilipowasha, oili ilitoka nyeupe, chai ya maziwa tupu. Nimejua tangu barafu ilipoondoka.

Kizibo cha kutolea maji ni kidogo kama kidole gumba. Unakilegeza, unachungulia kwa tochi, basi. Nimewafokea watu kwa jambo hilo tangu Wendell anatambaa. Kila mtoto wa Harnell anajua usinunue boti Januari bila kulegeza kizibo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pale pale, na nyundo mkononi, nikiifurahia sakafu. Nilikuwa nimeiona 06 kwenye namba na akili ikalala. Na kwa kuwa ni mtu wa hapa, nikaona aibu kumkagua kama mwizi.

Nimeagiza bloki nyingine. Wanasema mwisho wa Juni, labda mapema. Mkiweza kusogeza mpaka Julai itakuwa kama mpya, na ni boti itakayodumu, Renae. Sakafu yake huipati tena.

Orrin


Mason City
Mei 16

Baba,

Hatuna Julai. Sijui niliandike kwa herufi gani ndipo ulisome.

Januari nilikuwa na boti. Inawaka, kilango kinapita, na mume wangu yumo ndani yake anacheka. Sakafu inabonyea mahali pamoja. Ingebonyea na mwaka huu, na mwaka ujao, na mimi nisingejali, kwa sababu nilikuwa nahitaji ielee siku chache tu. Niliiacha kwa kuwa wewe ulisema hapana, na nilikuheshimu. Wewe ulikuwa unatafuta boti ya harusi ya Solveig. Mimi nilikuwa natafuta ya mwanao.

Hilo ndilo linaloniumiza, wala si bloki. Kila nikikuandikia kuhusu Wendell unanijibu kuhusu mbao.

Tunakuja tarehe 24. Boti iwepo, isiwepo. Tukikosa tutakaa gatini na kutazama maji.

Renae


Mason City
Juni 1

Baba,

Sasa naandika kwa macho. Mashine inafuata herufi ninayoitazama. Nikichoka inaandika upuuzi, kwa hiyo kama kuna sentensi ya kijinga si yangu.

Najua Renae amekushukuru kwa mdomo, lakini nami nataka kushukuru. Sijui uliwaambia nini wale wenye kambi ya wavuvi ng'ambo mpaka wakakuazima boti yao wikendi yenye wateja wengi kuliko zote. Niliisoma namba nilipopita. 93. Wewe, Orrin Skarstad, umempandisha mwanao kwenye 93. Na juu ya ile sakafu iliyooza ukapigilia plaiwudi mpya, mbao juu ya mbao, wewe mwenyewe. Arvid alisema ulikuwa unatukana kwa Kinorwe.

Ilikuwa kama nilivyotaka. Baridi, kijivu, maji yametulia. Solveig akashika usukani na kupiga honi kwa kila bata. Ulizima injini katikati, na kimya kile nilikuwa nimekingoja tangu Novemba. Renae aliweka mkono wake shingoni kwangu ndani ya blanketi. Niliwasikia ndege wa majini, wale wanaolia kama wanacheka.

Ila wewe hukuwepo, baba. Ulikuwa umepiga magoti sakafuni na tochi. Ulichungulia chini ya kiti changu, ukaenda kwenye pampu, ukarudi, ukabonyeza mbao kwa kidole, ukaenda tena kwenye pampu. Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Sikusema kitu kwa kuwa siwezi kusema kitu. Nilikuwa nakutazama muda wote nikingoja uinue uso, na hukuinua. Nimesafiri siku nzima kwa gari kuja kukaa nawe, nikakaa na mgongo wako.

Sikulaumu. Nakuomba tena. Renae anasema tukipata siku nzuri anaweza kunileta, siku moja tu, tulale na kurudi. Ukitaka. Ila safari hii tochi iache nyumbani.

Wendell


Little Marten
Juni 5

Wendell mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara nilijikuta naandika habari za hali ya hewa. Nimeichana. Hii sitaichana.

Ulikuwa unanitazama, najua. Nilihisi. Nikikutazama naona mikono yako, na naijua mikono yako, niliifundisha kufunga ndoano. Naona jinsi Renae anavyokufuta mdomo. Kwenye sakafu palikuwa na kazi, na mimi nikiwa na kazi naweza kupumua. Ndiyo sababu. Haitoshi kuwa sababu, lakini nyingine sina.

Sitaki ufe. Kazisome barua zangu zote tangu Novemba, neno hilo sijaliandika hata mara moja. Nimeandika plaiwudi, nimeandika faiba. Barua ya Renae ilinichoma pale penyewe. Aliniuliza mwaka wa boti, nami nikatafuta ambayo ingekaa miaka ishirini, kwa sababu ukinunua kitu cha miaka ishirini ni lazima mwenyewe awepo. Ndivyo nilivyokuwa nawaza, mtu mzima na mvi zake. Kwa ukaidi huo nikakunyima Aprili na Mei ambazo ungezipata Clear Lake kwa ile boti ya yule mama, na ziwa la kwao linafunguka mapema kuliko letu.

Kitu kingine. Nakupenda. Mama yako ndiye alikuwa akisema haya kwa niaba yangu, "baba yako anakupenda, ila amechoka", na tangu tumzike naona hakuna aliyekuambia. Ningeanza zamani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unasimama mlangoni mwa karakana na sandwichi yangu, ukingoja nitoke chini ya boti, na mara nyingi nilisema iweke hapo. Nisamehe kwa hilo.

Ile 93 nimeiomba tena kwa Jumapili. Arvid ataendesha. Mimi nitakaa mbele, kwenye kiti kilicho karibu na chako, mikono mitupu. Ikizama na izame, pale kati si mbali na ufukwe na Arvid anaelea vizuri. Nitakutazama mpaka uombe nigeukie kwingine. Njooni tu.

Baba yako anayekupenda,
Orrin


Little Marten
Juni 8

Baba, ni Renae. Nampigia Arvid simu na yeye anaandika, kwa sababu posta haitawahi.

Barua yako imefika leo asubuhi. Nimemsomea. Aliomba tena, nikamsomea tena, na mara ya tatu Solveig ndiye aliyesoma. Alilia, na mimi nililia, na haikuwa vibaya.

Jumapili hatuji. Pumzi imeshuka tangu jana jioni. Bomba la kupumulia la kooni alishalikataa zamani akiwa na akili zake zote, na nimekubali, tumetia saini wote wawili. Usiku alikuwa hospitali, tumemtoa, yuko nyumbani, kitanda kimegeuzwa kuelekea dirishani. Hana maumivu.

Macho bado yanaandika. Ameandika neno moja tangu asubuhi, "anakuja". Sijui alikuwa anauliza au anasema, mashine haiweki alama. Nimemjibu ndiyo, unakuja. Sikukuuliza kwanza na sitakuuliza sasa. Mwendo ni siku nzima na nadhani siku tunayo. Usipite karakanani. Usitafute cha kuleta. Njoo ukae naye.

Renae

Orrin, nimeandika kama alivyosema, mwandiko wangu unaujua. Nimegonga mlango hukusikia, kwa hiyo nimeipitisha chini, na nitaendelea kupiga dirisha mpaka uamke kitini. Gari langu liko nje linanguruma. Tangi limejaa. Vaa viatu tutoke.

Arvid